Uji wa Wodi ya Wazazi

"Kwani wewe unazaliwanga kila mwaka?"

Shiru aliniuliza hivyo tukiwa tumeegemea ukuta wa darasa, upande ambao jua la asubuhi lilifika kwanza. Nilikuwa nimemwambia kwamba siku yangu ya kuzaliwa itakuwa Jumamosi, na kwamba asubuhi yake mama na mimi tutaenda hospitali Nyeri, kwenye wodi ya wazazi, kama tulivyofanya miaka yote. Shiru akafikiri kidogo, akauliza swali lake, na wasichana wengine wakacheka hadi mmoja akakaa chini kwenye nyasi. Nilicheka pia. Ukiwa mgeni mahali unajifunza kucheka mapema, kabla hujajua kinachochekesha ni nini. Sikujua kwa nini watu wengine siku yao iliwakuta nyumbani, na yangu ilinikuta kwenye korido yenye harufu ya dawa nikiwa nimebeba vikombe vya plastiki.

Nililikumbuka swali hilo mwezi uliopita nikipanda ngazi za ghorofa ninapoishi Nanyuki. Kuna mtu alikuwa anapika uji wa wimbi uliochacha, na harufu ilikuwa imejaa ngazi nzima, ile harufu kali kidogo, ya nafaka na moshi, inayoingia puani kabla hujaamua kama unaipenda. Mimi si mtu wa kusimamishwa na harufu. Huwa nawatilia shaka watu wanaosema harufu fulani imewarudisha utotoni, nikihisi kwamba wanakumbuka walichosoma kwingine. Hata hivyo nilisimama, mfuko wa viazi mkononi, mpaka jirani aliyekuwa akishuka akaniuliza kama nimepoteza ufunguo.

Tuliishi Mweiga, kwenye nyumba za walimu nyuma ya shule ya msingi. Mama alifundisha hesabu. Alikuwa ametoka Kitui, ambako jua halibembelezwi, akapelekwa kufanya kazi mahali ambapo ukungu wa Aberdare unashuka hadi mlangoni na nguo hukaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka. Baba alikuwa askari polisi. Kila alipozoea kituo alihamishwa, na kila alipohamishwa alikwenda mbali zaidi, kwa hiyo nilimjua zaidi kwa sauti yake ya simu. Ndugu wote wa mama na wa baba walikuwa Ukambani. Pale Mweiga tulikuwa sisi wawili, "wale Wakamba wa kota", na sidhani watu walisema hivyo kwa ubaya. Walitusalimia vizuri. Walituletea viazi na maziwa. Lakini Jumapili, kanisa likiisha, kila mtoto wa darasa letu alikuwa na cucu, bibi yake, wa kwenda kumwona, na nyumba ya cucu ilijaa binamu. Sisi tulifunga mlango, mama akasahihisha madaftari, nami nikakaa dirishani nikiangalia familia zikipita kwenye matope kwa makundi.

Siku moja kabla ya siku yangu ya kuzaliwa, jikoni kulikuwa na kazi. Unga wa wimbi ulikuwa umelowekwa tangu juzi yake. Mama aliuchuja, akaukoroga kwa mwiko mrefu, akausimamia kana kwamba ungetoroka. Asubuhi aliutia maziwa na sukari, akaujaza kwenye themosi mbili kubwa. Halafu, kwenye themosi ndogo nyekundu, alitia chai ya rangi yenye tangawizi, bila maziwa hata tone. Vyote viliingia kwenye kiondo. Vikombe vilikuwa vyangu kubeba.

Mtu ambaye hajaingia wodi ya wazazi saa ya kutembelea wagonjwa, huku kwetu mlimani, hawezi kuelewa uji ulikuwa na maana gani. Saa ile ilipofika, wanawake waliingia kwa vikosi. Mama mkwe mbele, shangazi nyuma yake, wanawake wa kanisa na wa chama, wote wamejifunga leso juu ya sweta, kila mmoja na themosi kwapani. Walizunguka kitanda kimoja, wakamimina uji, wakamlazimisha mzazi anywe kikombe baada ya kikombe, wakabishana mtoto ana pua ya nani. Walipoondoka waliacha themosi kwenye kabati dogo la kando ya kitanda. Ulihitaji kuangalia makabati tu kujua nani ana watu na nani hana.

Mama aliangalia makabati. Alipita katikati ya vitanda taratibu, na palipokuwa na kabati tupu alisimama. "Habari ya mtoto?" aliuliza, akamimina. Hakutaja kanisa wala chama. Hakuomba, hakuhubiri, na hakuna siku aliyopiga picha. Wanawake aliowapa walikuwa wa kila namna: wasichana wa kazi za nyumbani, mke wa askari kutoka magharibi, binti wa mfanyabiashara wa mbuzi aliyeletwa kutoka upande wa Nanyuki na ambaye watu wake walikuwa bado njiani. Walikunywa wakimtazama kwa wasiwasi wa mtu anayengoja kuambiwa bei. Mama aliinama juu ya kila mtoto, akamtazama kwa muda mrefu, akasema "Amekuja vizuri," akaenda kitanda kingine.

Mimi nilidhani anachagua.

Sijui wazo hilo lilinianza lini. Ninachokumbuka ni mimi nikiwa nimesimama nyuma ya mama na vikombe, nikihesabu amekaa kwa mtoto gani zaidi. Niliona ni jambo la akili. Mtu anayekwenda mahali penye watoto wapya kila mwaka, siku ileile aliyompata wa kwanza, anakwenda kuona kama kuna bora zaidi. Kila mwaka tulitoka bila mtoto, na kila mwaka nilijiambia nimepita tena.

Chai nayo nilikuwa nimeielewa kwa njia yangu. Mwisho wa wodi, karibu na dirisha, mara nyingi kulikuwa na mwanamke mmoja au wawili wasiokuwa na mtoto kitandani. Hao, mama hakuwapa uji. Aliwamiminia chai ya themosi nyekundu, akakaa nao kidogo, wakaongea kwa sauti ya chini. Niliamua kwamba watoto wao hawajaletwa. Niliamini kulikuwa na chumba mahali fulani ambako watoto hutolewa mmoja mmoja, na kwamba wale wa dirishani wako kwenye foleni. Nyumbani, mgeni akifika kabla chakula hakijaiva, anapewa chai ya kungojea. Basi ile ilikuwa chai ya kungojea.

Mwaka ule wa swali la Shiru nilikuwa natimiza miaka tisa, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeomba kitu. Nilitaka keki, na nilitaka Shiru na wasichana wengine wawili waje nyumbani kwetu. Hakuna mtoto aliyewahi kuja kwetu kwa ajili yangu. Walikuja kuleta ujumbe wa mwalimu, wakasimama mlangoni, wakaenda. Nilikuwa nimeenda kwa Shiru siku yake, nikaona jinsi dada zake wakubwa walivyomvizia na ndoo ya maji nyuma ya ghala la viazi, wakammwagia akiwa na gauni jipya, naye akapiga kelele na kukimbia na kurudi makusudi amwagiwe tena. Niliona wivu wa yale maji kuliko keki. Ili umwagiwe maji, lazima kuwe na watu waliokungoja.

Mama alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. "Tutatoka hospitali mapema, tuchukue keki mjini, turudi. Waambie waje saa nane."

"Saa nane kamili?"

"Saa nane, mami. Nimesema."

Siku hiyo kitanda cha dirishani kilikuwa na mwanamke kijana aliyefunga kitambaa cha kijani kichwani. Hakuwa na mtoto, na kabati lake lilikuwa tupu. Mama akammiminia chai, akavuta kiti. Hawakuwa wameongea sana wakati Sista, yule nesi mnene aliyetuzoea, alipokuja akikimbia.

"Mwalimu, nisaidie. Kuna Mkamba mwenzako huku ametoka Mwingi, hasikii Kikuyu, Kiswahili naye ni kidogo kidogo. Namwambia tunataka kumshona, yeye anadhani nataka kumchukua mtoto."

Mama akaniambia nikae pale, akamfuata. Nikabaki na kiondo.

"Wewe ni wa mwalimu?" yule mwanamke akauliza.

"Ndiyo."

"Unaitwa nani?"

"Mutheu. Leo ni bathdei yangu."

"Ati leo? Na mama yako amekuleta huku kwa wagonjwa?"

"Tutakata keki saa nane. Shiru anakuja."

"Shiru ni dada yako?"

"Ni wa darasa letu. Mimi sina dada."

"Haya." Akaangalia dirishani. "Hata mimi leo niko peke yangu."

Niliangalia kikombe chake. Chai nyeusi, imeanza kupoa. Wengine wote walipewa uji mzito wa maziwa, na huyu, ambaye alikuwa anangoja kuliko wote, alipewa maji ya rangi. Niliona si haki. Miaka yote nilikuwa nimebeba vikombe tu, sijawahi kumpa mtu kitu kwa uamuzi wangu mwenyewe, na siku ilikuwa yangu. Nikafungua themosi kubwa kwa shida, nikajaza kikombe hadi kikamwagika kidogo kwenye blanketi, nikampa.

"Kunywa huu. Hiyo chai ni ya kungojea. Huu ndio unaletanga maziwa. Mtoto akiletwa akute iko tayari."

Alinitazama. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka uso wake, na naogopa kwamba ule ninaouona sasa ni wa kujitengenezea. Lakini mikono naikumbuka. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa wake, akanywa wote bila kupumzika.

"Nani amekwambia ataletwa?"

"Wote wanaletwanga."

"Basi wacha ningoje," akasema. Akasogea, akanipandisha kitandani, akanifunika miguu kwa blanketi kwa sababu nilikuwa natetemeka. Tukakaa hivyo. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiite nini. Nilihisi hatimaye nimeifahamu kazi ya mama, na kwamba ni rahisi.

Mama aliporudi aliona kikombe kabla ya kutuona sisi.

"Nani amekupa uji?"

"Usimgombeze, mwalimu," yule mwanamke akasema. "Mwenye bathdei ndiye amenipea." Akajaribu kutabasamu, na katikati ya tabasamu uso ukamshinda. Mama akaketi kitandani mahali nilipokuwa nimeketi, akamvuta kichwa begani, akaniambia bila kunitazama niende nikangoje koridoni.

Nilingoja. Kengele ikalia, askari wa mlangoni akapita akiwahimiza watu watoke, na wanawake wakatoka na themosi nyepesi, wakicheka, wakiambiana nani ataleta uji kesho. Korido ikawa tupu. Kulikuwa na saa ukutani, na nilikuwa nimejifunza kuisoma vizuri, kwa bahati mbaya. Sista alipopita nikamwomba amwite mama.

"Mama yako ako na kazi kidogo, mami. Hebu kaa hapo kwa benchi. Umekula?"

"Tutakula keki."

"Ehe. Keki si chakula." Akaenda, hakurudi.

Saa nane ilifika nikiwa kwenye lile benchi. Nilifikiria njia ya kutoka kwa kina Shiru hadi kwetu, nikawatembeza polepole kichwani, nikawasimamisha wafunge viatu, nikawarudisha nyumbani wakachukue sweta. Halafu nikaishiwa na mambo ya kuwafanyisha. Nikawaona wamefika.

Mama alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu na leso yake ilikuwa imelowa begani. Nikamwambia, "Shiru ashafika."

"Najua."

Tulikwenda kuchukua keki tukitembea haraka, mama mbele, na ni hapo mjini, kati ya watu, aliponieleza. Yule dada alikuwa amejifungua, lakini mtoto alikuwa amefariki. Uji wa wimbi huleta maziwa. Maziwa yakija na mtoto hayupo, kifua hujaa na kuuma, na hakuna wa kuyanyonya. Ndiyo maana wale wa dirishani hupewa chai ya rangi. Alisema yote haya kwa sauti ya kufundisha, sauti ya darasani, hatua kwa hatua.

"Kwa hiyo nimemuumiza?"

"Hukujua."

"Lakini nimemuumiza?"

"Mutheu, hukujua."

Sikulia. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na mahali pa kukaa. Ingetosha kuniambia mapema. Ingetosha kuniacha nyumbani. Na mtu aliyeumizwa alikuwa amekumbatiwa, nami nilikuwa nimekaa kwenye benchi siku yangu yote.

Tulipofika nyumbani, hapakuwa na mtu. Ngazi ya mlango ilikuwa imelowa, na mlango wenyewe ulikuwa na maji yaliyoteremka hadi chini, yakaacha michirizi kwenye vumbi. Mvua haikuwa imenyesha.

"Nani amemwaga maji hapa?" mama akauliza, akatafuta ufunguo.

Mimi nilijua mara moja. Walikuja, na walikuja na maji. Walibeba ndoo kutoka kwao, wakajificha pembeni ya nyumba, wakangoja nitoke. Nilisimama kwenye ule unyevu na viatu vyangu vya Jumapili mpaka mama akanivuta ndani.

Tulikata keki wawili. Mama alikata vipande vingi, akavipanga kwenye sahani kubwa ya wageni, kisha tukakaa tukivitazama. Akaimba ule wimbo wa siku ya kuzaliwa hadi mwisho, peke yake, na alipofika palipo na jina langu nikaona ameona haya kidogo.

Jumatatu Shiru hakuwa amekasirika. Alikuwa ananingoja langoni. "Tuliosha mlango wenu," akasema. "Umemaliza kuzaliwa, ama bado?"

Mwaka uliofuata nilikataa kwenda. Mama hakubishana. Alijaza themosi zake, akafunga leso, akaniachia chapati kwenye bakuli lililofunikwa, akaenda. Nilishinda nyumbani peke yangu siku ile na miaka mingine iliyofuata, na nikagundua kwamba siku yangu sasa ilikuwa yangu kabisa na sikuwa na la kuifanyia.

Chuoni nilisoma sosholojia, nikapata maneno. Niliandika insha ndefu kuhusu kutoa: kwamba mgeni asiye na ndugu hutoa ili apate mahali, kwamba kila kikombe cha uji ni ombi la kupokelewa. Niliona nimemweleza mama vizuri kuliko angeweza kujieleza. Likizo moja nilimsomea insha ile akiwa anachambua maharagwe. Alisikiliza yote. "Inaweza kuwa hivyo," akasema, akatoa jiwe kwenye ungo, akalitupa nje.

Bado nadhani insha ile haikuwa ya uongo mtupu. Nadhani pia kuna mtoto aliyekuwa amekaa kwenye benchi ndani yake, akijenga hoja dhidi ya wodi nzima.

Harufu ya kwenye ngazi nisingeijali tena kama wiki hiyohiyo rafiki yangu Kendi hangejifungua hospitali ya hapa Nanyuki. Marafiki wakagawana kazi kwenye simu, nani atapeleka nguo, nani matunda, na mimi nikapewa uji bila kuulizwa, kwa sababu nilikuwa nimewahi kutaja kwamba mama yangu alikuwa bingwa. Sikuwa nimepika uji wa wimbi maisha yangu yote. Nikampigia mama, ambaye amestaafu na kurudi Kitui, nikaweka simu juu ya kabati la jikoni, sauti ikiwa wazi.

"Usitie unga kwenye maji ya moto, utapata madonge," akasema. "Koroga na ya baridi kwanza. Unakoroga?"

"Nakoroga."

"Mbona sisikii mwiko?"

"Mama, wewe koroga huko, nami nitakoroga huku."

Akacheka. Nikaendelea kukoroga, na kwa sababu uji wa wimbi unachukua muda na mtu lazima aseme kitu, nikamuuliza yeye alipikiwa na nani nilipozaliwa. Nilidhani atataja jirani fulani wa kota.

Halafu akaniambia, kwa sauti ileile ya kufundisha. Hakuna aliyekuja. Baba alikuwa ametumwa kaskazini, bibi alikuwa Kitui na hakuwa na habari. Mama alikaa na njaa, maziwa hayakutoka, nami nililia mchana wote. Kitanda cha pili kilikuwa na mwanamke wa Mukurweini. Mama mkwe wake alikuwa amefika asubuhi na themosi ya uji aliyoibeba kutoka nyumbani, akaambiwa habari mlangoni, akaiweka kwenye kabati, akaondoka. Jioni yule mwanamke alinyoosha mkono, akaisukuma ile themosi hadi upande wa mama, akamwambia amnyamazishe mtoto.

Uji wa kwanza ulioniletea maziwa ulikuwa umepikiwa mtoto mwingine, msichana, aliyefariki asubuhi ileile niliyozaliwa.